Pedeli ya Baba Mkwe

Tulimzika baba mkwe wangu mwezi wa sita, kwenye ile baridi ya Tukuyu inayopasua midomo. Baada ya kaburi, mwongoza ratiba akawaita wakwe waseme neno. Nikasimama mimi, mke wa mwanawe mkubwa, mwanamke wa miaka hamsini na ushee, fundi magari mwenye kucha zilizokataa kutakata, nikasema kwamba nimeishi na marehemu uwanja mmoja miaka yote hii na tumezungumza siku moja tu. Vijana waliotoka Dar wakaangua kicheko wakidhani natania. Wazee hawakucheka, waliitikia kwa vichwa kama watu waliosikia sifa. Baadaye, tukiwa jikoni kwenye masufuria, mjukuu mmoja akanisogelea: "Bibi, kwani mlikuwa mmegombana?" Nikamwambia aende akaniletee chai. Mambo mengine huwezi kumweleza mtoto huku unakoroga maharage ya watu mia mbili. Basi nayaeleza hapa.

Hatukugombana hata kidogo. Kwetu Unyakyusa, kwa desturi ya zamani, mwanamke aliyeolewa hakutani na baba wa mumewe. Hamtazami usoni, hakai naye chumba kimoja, hakalii anapokalia yeye, wakikutana njiani mmoja anaingia migombani, na jina lake halimtoki mdomoni. Jina la marehemu silitaji hata kwenye karatasi hii. Anayelitaka akasome msalaba. Mwaka ule nilioolewa watu wengi walikuwa wameshalegeza, hata mchungaji wetu alikula meza moja na mke wa mwanawe. Mzee wangu hakulegeza. Na mimi, niseme kweli, nilipenda hivyo. Wenzangu walioolewa mjini walikuwa wanafokewa na wakwe zao habari ya chumvi. Chumvi yangu mimi ilipita salama. Jikoni kwetu Kawetele kulitenganishwa na sebule kwa ukuta wa mbao uliokuwa na nyufa, nami nikiwa upande huu na moshi wangu nilimsikia upande wa pili akila ndizi na maziwa mgando, taratibu, mtu asiye na haraka na dunia. Akishiba aliuambia ukuta, "Ndizi za leo zimekaa vizuri." Mama mkwe alinigeukia na kusema, "Umesikia?" Nikajibu, "Nimesikia, mama." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu, na yalitutosha.

Ulikuwa ni wakati wa ruksa, biashara zilipofunguliwa. Waliozaliwa baadaye hawawezi kuelewa neno lile lilivyotulevya. Sisi tuliopanga foleni ya sabuni tangu alfajiri tukaamka siku moja tukakuta Kiwira barabarani kuna sabuni za rangi nne, redio, viatu vya mtumba vimetundikwa kama samaki, na magari ya Kijapani yaliyotumika yanapita na maandishi ya kwao ubavuni. Kanisa letu nalo likapata pikapu, nyeupe, turubai nyuma, ya kubeba mahindi ya sadaka na wagonjwa wa vijiji vya juu. Dereva akawa baba mkwe. Alikuwa ameendesha malori miaka ya shida, miaka ambayo kipuri kilikuwa hadithi, na sifa yake ilijulikana mpaka Mbeya: huyu ndiye aliyekuwa akishusha lori bovu mlimani kwa gia na sala. Alitandika ngozi ya kondoo kwenye kiti cha ile pikapu, akaipangusa kila asubuhi hadi kwenye vifuniko vya matairi. Umri ulikuwa umeshamkuta. Shamba alikuwa amewaachia wanawe, ng'ombe amewaachia. Kilichombakiza mwanamume kati ya wanaume ni ule usukani, na kila mtu pale nyumbani alilijua hilo bila kuambiwa.

Miezi mitatu haikuisha gari likaanza kuugua. Asubuhi linatoka zima, linapanda, linashuka, halafu baada ya mteremko wa tatu au wa nne pedeli inakuwa ngumu kama jiwe, gari linakuwa zito, magurudumu ya mbele yananuka na kufuka moshi, mwisho linasimama lenyewe. Breki zimeshika na hazitaki kuachia. Wakilisubiri saa nzima lipoe, linaondoka kama si lile. Mara moja liliwalaza njiani na mzee mwenye pumu. Alipona, lakini habari ikasambaa. Jumamosi moja mwenyekiti wa wazee wa kanisa alikuja nyumbani, akakaribishwa chai na magimbi, na mimi nikiwa nyuma ya ule ukuta wa mbao nikasikia yote. Alianza mbali sana, na mvua, na chai ilivyokataa kuchipua. Kisha akasema, "Ndugu yangu, wanasema unaning'inia kwenye breki, huiachii. Mguu umezeeka. Si mimi, ni wao." Nilisikia kikombe kikiwekwa juu ya meza. Mwenyekiti akaendelea kwa sauti ya chini kwamba wiki tatu zikipita gari halijapona, Jumapili ya kikao watampa kijana mwingine funguo. Mama mkwe alikuwa ameshika mwiko, akanitazama machoni, akanong'ona: "Wewe si fundi? Sasa ufundi wako ni wa nini?"

Nilikuwa fundi, naam, na kiburi juu. Chuo cha ufundi Mbeya darasa letu la magari tulikuwa wasichana wawili, na breki nilikuwa nazo kichwani kama Baba Yetu. Nilifanya kazi gereji moja Makandana, ya Fundi Mkude, Mluguru wa Morogoro, mcheshi, bingwa wa injini. Breki aliniachia mimi. Pikapu ya kanisa ikaletwa. Baba mkwe aliisimamisha nje ya geti, akamkabidhi funguo Lwitiko, mhudumu wa kanisa, akaenda kukaa mbali kwa mama muuza chai. Mimi wakati huo nimejificha nyuma ya lori la mbao. Mkude alikuwa akicheka mpaka anakohoa. "Nyie Wanyakyusa! Mkwe na mkwe mnacheza kombolela!" Nikamwambia ashike injini yake.

Nikapandisha gari kwenye jeki. Magurudumu yote yanazunguka kwa kidole, kwa sababu njiani limeshapoa. Nikafungua breki za mbele, nikakuta pedi zimebabuka na diski zimekuwa za bluu kwa joto. Nikasafisha pistoni, nikabadilisha mipira, nikabadilisha mabomba ya mpira yanayopeleka mafuta, maana yakizeeka yanavimba ndani na kuzuia mafuta yasirudi. Nikamwaga mafuta ya zamani, nikatia mapya. Kazi ya kutoa upepo inataka watu wawili, mmoja kwenye pedeli, mwingine kwenye gurudumu, basi Lwitiko akakaa kwenye kiti na mimi nikawa chini nikimpigia kelele: kanyaga, shikilia, achia. Alikanyaga kama nilivyomwambia, hakujua zaidi ya hapo, wala haikuwa kazi yake kujua. Halafu nikafanya jambo moja la akili. Nikamwambia, "Nenda kamuulize baba kama kuna kitu chochote amewahi kukigusa kwenye breki." Lwitiko akaenda, nikawaona wameinamiana, akarudi: "Anasema hapana." Miaka mingi baadaye Lwitiko alikiri kwangu. Angemuulizaje mzee kama yule swali la polisi? Alimuuliza, "Mzee, gari lilikuwa na shida nyingine?" Na mzee akajibu hapana.

Gari likakaa siku nne, siku ya tano likafuka moshi. Nikalirudia. Wiki ya pili nikafungua masta silinda, ile pampu ya breki iliyo chini ya boneti, nikabadilisha mipira yake, nikaona nimemaliza. Likafuka tena. Nikawa silali vizuri, chakula hakipandi. Kila nikipita sokoni nahisi watu wanasema yule ndiye fundi wa kike, mkwe wake ananyang'anywa gari na yeye hajui lolote. Na kwa nini nisiyaone yale ambayo mwanafunzi wa mwezi wa kwanza anayaona? Kitu cha kwanza kabisa walichotufundisha ni kushika pedeli kwa mkono. Kabla hujafungua nati yoyote, bonyeza pedeli kwa kidole, lazima icheze kidogo bure kabla haijagusa kitu. Mimi sikuibonyeza. Wiki tatu sikuibonyeza. Kuifikia pedeli ilibidi niegemee kiti kile, niweke tumbo langu juu ya ngozi ya kondoo ya baba mkwe wangu, na jambo hilo halikunijia hata akilini, kama ambavyo halikujii wazo la kutia mkono mfukoni mwa mchungaji. Nilizunguka gari lote nikaruka sehemu moja, na wala sikujua kwamba nimeiruka.

Alhamisi kabla ya kikao nilimwambia mama mkwe kwamba ugonjwa huu sitauona gereji hata nikikesha. Lazima niwe ndani ya gari likiwa limeshika. Akashika kiuno. "Ukae wapi? Kwenye kiti karibu na yeye? Aa-aa!" Tukakubaliana nipande nyuma, chini ya turubai, nimpe mgongo. Siku hiyo wito ulikuwa wa kijiji cha juu, upande wa mlima Rungwe: msichana aitwaye Neema, uzazi wa kwanza, uchungu tangu jana, mtoto amekaa vibaya. Tukamlaza kwenye godoro, mama yake akakaa kichwani pake, mimi miguuni na mfuko wa spana. Mvua ilikuwa nyembamba isiyokatika. Mteremko wa kwanza salama, wa pili salama. Wa tatu nikaanza kusikia ile harufu. Kisha gari likawa kama linavuta gogo, likatambaa, likasimama katikati ya mteremko, chai kushoto, korongo kulia, moshi unapanda pande zote mbili za boneti. Neema akapiga ukelele uliokata maneno ya mama yake katikati. Hospitali ilikuwa chini huko, na kulisubiri gari lipoe ni saa nzima. Msichana yule hakuwa na saa nzima.

Nikaruka chini. Baba mkwe alikuwa ameshashuka, amezungukia nyuma, ameelekea chai, amenipa mgongo kwa adabu. Adabu gani saa ile! Nikamwambia mama wa Neema, "Mama, mwambie baba aweke mawe kwenye matairi." Naye, huku amemshika bintiye mabega, akapaza sauti: "Baba, anasema uweke mawe!" Akaweka. Nikafungua boneti. Nikajiuliza: mafuta yamefungiwa wapi? Kama ni kwenye magurudumu, huku juu hakutabadilika kitu. Kama ni huku juu, nikiipa pampu nafasi ya kusogea mbele kidogo, mafuta yatarudi na breki zitaachia. Nikatia spana kwenye nati mbili zinazoishikilia pampu, nikalegeza moja, nikalegeza ya pili. Nikasikia kitu kimepumua kule chini, kama mtu aliyevua kiatu kinachobana.

Breki zikaachia zote. Nami nilikuwa nimesimama mbele ya gari, upande wa bondeni, limenielekea. Mzee alikuwa ameshuka bila kuliacha kwenye gia. Gari limejifunga lenyewe, nani angekumbuka gia? Jiwe moja likazama kwenye tope, la pili likateleza. Chuma kikanigusa magotini, kikanisukuma, miguu yangu ikawa inateleza kurudi nyuma na mikono imeng'ang'ania boneti, na nyuma kule Neema analia. Mama yake hakuwa akiona kitu. Hapakuwa na mtu wa kumtuma. Nikamwita baba mkwe wangu kwa jina lake. Nililitamka lote, kwa sauti iliyotoka tumboni, kisha nikapiga kelele: "Handibreki! Vuta handibreki!" Niliona gumboti zikipita mbio, mlango, mkono, kisha mkwaruzo, gari likatikisika likatulia. Nilikuwa nimekaa kwenye matope, ukingo wa korongo, pale barabara inapokata kona, uko nyuma yangu hatua mbili. Sikuogopa korongo. Niliogopa lile jina nililolisema.

Akashuka tena, akasimama kule kule nyuma. Nikaikaza ile pampu, nikaenda kwenye mlango wa dereva, na safari hii nikapanda. Nikakaa juu ya ngozi ya kondoo. Nikainama nikabonyeza pedeli kwa mkono. Haikucheza hata unene wa unywele. Nikamulika chini ya dashibodi: kile kifimbo cha chuma kinachotoka kwenye pedeli kwenda kusukuma pampu kilikuwa kimerefushwa, hata alama za spana bado zinang'aa. Kilikuwa kinaisukuma pampu muda wote, kidogo tu, hata mguu ukiwa haupo. Breki zikipata joto mafuta yanatanuka, hayana njia ya kurudi, yanazidi kubana, joto linazidi. Ndiyo hayo yote. Nikasema, bila kugeuka, "Baba, nani alikigusa kifimbo hiki?"

Mvua juu ya bati. Kisha nyuma yangu, si kwa ukuta wala kwa mama mkwe wala kwa Lwitiko, sauti ikasema: "Mimi." Akaongeza, "Pedeli ilikuwa chini. Malori yetu tulikuwa tunaipandisha hivyo." Nikaelewa papo hapo, nikataka kulia. Miaka ya shida pedi zililika mpaka chuma na mpya hazikuwepo, pedeli ikawa inazama hadi sakafuni, na madereva wakajifunza kukirefusha kifimbo ili mguu upate kitu. Ufundi ule uliokoa watu wengi. Alipopewa gari zima, akasikia pedeli inacheza kidogo kama inavyotakiwa, akaona ni ugonjwa, akaliponya.

Nikakirudisha kifimbo nyuma mpaka pedeli ikacheza unene wa kidole, nikakaza, nikarudi nyuma kwenye turubai, na tukafika. Neema alipasuliwa, mtoto akatoka mzima, akapiga kelele kuliko mama yake.

Jumapili, tukielekea kanisani, mama mkwe alinishika mkono. "Sikiliza, mwanangu. Sema gari lilikuwa bovu lilikotoka. Sema mtumba. Mtumba hauna mwenyewe, hakuna atakayekuja kudai." Ilikuwa kweli, kila mtu angeamini. Mzee angebaki na usukani, nami ningebaki na mkwe anayesifu ndizi zangu. Katika ofisi ya kanisa wazee saba walikaa upande mmoja, baba mkwe kwenye kona ya mbali, mimi mlangoni nimejifunika khanga hadi kwenye paji. Mwenyekiti akasema, "Haya, fundi. Tuambie. Ilikuwa nini?" Nikafungua mdomo niseme mtumba. Nikamwona Neema chini ya lile turubai. Kama nikisema mtumba, dereva mwingine wa zamani, gari lingine zima, atalitibu vile vile. Nikasema kifimbo kilikuwa kimerefushwa. Wakaniuliza na nani. Nikasema, "Kosa la kwanza ni langu. Wiki tatu nimetibu gari bila kushika pedeli, kwa sababu pedeli iko mbele ya kiti cha mkwe wangu." Mtu mmoja akaguna. Mwenyekiti akarudia, "Na nani?" Machozi yalikuwa yananitoka, ya hasira, na sijui hasira hiyo nilikuwa namkasirikia nani.

Kona ya mbali kiti kikalia. Baba mkwe alisimama. Akawaambia wazee, "Ni mimi. Mwacheni binti." Akasema hivyo tu. Akatembea mpaka kwenye benchi lililokuwa katikati ya chumba, akaweka funguo juu yake, akarudi nyuma hatua tatu, akageuka akautazama ukuta. Mwenyekiti akanyoosha mkono azichukue. Mama mkwe, aliyekuwa dirishani nje ambapo hakutakiwa kuwa, akasema kwa Kinyakyusa kwa sauti ya kusikika na wote, "Wewe mwenyekiti, hizo umewekewa wewe?" Mkono ukarudi. Kila Mnyakyusa mle ndani alijua kitu huwekwa chini namna ile kwa ajili ya mtu gani: mkwe asiyeruhusiwa kukipokea mkononi mwako. Leseni nilikuwa nayo tangu chuoni. Nikaingia, nimeinama, nikazichukua, zilikuwa bado na joto la mkono wake.

Jumanne kulikuwa na mgonjwa kule kule juu. Nilipotoka nyumbani ngozi ya kondoo ilikuwa imeondolewa kwenye kiti, na nyuma chini ya turubai, amenipa mgongo, alikuwa ameketi mzee mwenye gumboti. Tukapanda, tukamchukua mgonjwa, tukaanza kushuka, na mteremko ulipoinama nikafanya anachofanya kila dereva mgeni: nikakanyaga breki, nikaishikilia. Juu ya kichwa changu, kwenye bati la paa, nikasikia pigo moja la kiganja. Nikatazama mbele, hapakuwa na mtu wala ng'ombe. Nikaendelea kuishikilia. Akapiga tena, mara moja, bila hasira. Nikaachia breki, nikaingiza gia ya pili, injini ikanguruma na kulishika gari, tukashuka polepole, na paa likanyamaza mpaka Kiwira.